Miezi saba kwa mnasihi aliyewahi kuwa teja, uzoefu wangu hapa Tanga

Nilikuwa sitaki kuandika haya ila juzi jirani yangu kanijia usiku analia, kijana wake kaanza unga, akaniuliza huyo mtu unayemwendea kila alhamisi yukoje, anasaidia kweli ama anakula hela za watu tu. Nikamjibu palepale mlangoni harakaharaka, ye akaenda zake, mi nikabaki macho mpaka alfajiri naona sijamjibu inavyotakiwa. Basi jibu lenyewe ni hili, na kama kuna mwingine ana mtu ndani asome.

Mi fundi cherehani, naishi Ngamiani, na mdogo wangu wa mwisho anatumia heroini mwaka wa sita sasa. Waliokaa nyumba moja na mraibu hawahitaji maelezo. Ilianza chaja, ikaja pasi, ikaja baiskeli ya marehemu baba, na hapa Tanga mnajua baiskeli ni kitu gani kwa mtu, halafu sufuria kubwa la mama la kupikia mbaazi za biashara, mwisho kichwa cha cherehani yangu ambacho ndo kilikuwa kinatulisha wote na yeye mwenyewe akiwemo. Mtungi wa gesi nikawa nalala nao chumbani. Kila usiku nikimaliza kupika nafungua mpira, naubeba, asubuhi naurudisha.

Tumehangaika sana. Kwa waganga tumekwenda, Muheza tumekwenda, Handeni tumekwenda, masheikh wamemsomea, wajomba walimfunga kamba shambani wiki nzima mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikaisha, karudi mjini siku ya tatu kashavuta. Soba, zile nyumba za kuachia unga, kaingia mara mbili, zote kwa michango ya ndugu. Mpaka ndugu wenyewe wakawa wakiona simu yangu hawapokei.

Huyu mnasihi nilielekezwa na mama mmoja mwenye kijana kama wangu. Akaniambia kabisa, huyo zamani alikuwa teja, kavuta na kujidunga miaka mingi, kaacha, kaenda kusomea ushauri nasaha. Nikasema huyuhuyu ndo namtaka, mtu anayezijua njia zao.

Siku ya kwanza nimeenda na daftari. Nimeandika makosa yote ya mdogo wangu na tarehe zake, nilijua nitasoma, atasikiliza, atanipa dawa. Kabla sijaanza akaniambia nitakayosema yanabaki mle ndani, isipokuwa akiona uhai wangu au wa mtu mwingine uko hatarini, hapo itabidi tumhusishe mtu na ataniambia kwanza. Sawa. Nikasoma kurasa nne. Hakunikatisha hata mara moja. Nilipofunga daftari akaniuliza, "Dada, mara ya mwisho umelala usiku mzima lini?"

Nikakasirika jamani. Nikamwambia kaka sikuja kwa ajili ya usingizi mimi, niambie nimlete lini. Akasema, "Yeye hajaja. Aliyekuja ni wewe, na mteja wangu ni anayekaa kwenye hicho kiti." Akanieleza kwamba hata mdogo wangu akitaka mnasihi atampeleka kwa mwenzake, maana akitushika wote wawili kila mmoja atakuwa anawaza mwenzie kasema nini. Niliondoka nimenuna, njia nzima nawaza elfu ishirini yangu imekwenda. Alhamisi iliyofuata nikarudi, hata sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza habari ya usingizi wangu kwa miaka yote ile.

Nataka kusema kidogo hilo la kuwa teja zamani, kwa sababu ndo watu wengi wanaloliulizia. Nilidhani atakuwa ananipigia hadithi zake, mi nilifanya hivi nikaacha na wako afanye hivi. Hafanyi. Kipindi cha tano ama cha sita nilimwuliza mwenyewe kwa hasira, wewe ulimwibia mama yako? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ndiyo. Niliuza mabati ya jiko lake, masika yakamkuta hana paa." Basi, hakuongeza neno. Akaniuliza kwa nini nimeuliza leo, tukarudi kwenye yangu. Sijui niseme vipi, ila tangu siku ile nikawa naweza kumwambia kitu chochote, maana kama alikuwa na la kuficha kashalitoa na hakutaka nimwonee huruma.

Na ndo maana siku moja nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia hata mama. Nilisema bora afe tupumzike. Nikasema hivyohivyo, kwa sauti, kisha nikaogopa mdomo wangu mwenyewe. Kwa shekhe ningeambiwa astaghfiru, kwa shangazi ningeambiwa ulimi huumba. Huyu hakushtuka, hakunifariji pia, aliuliza tu taratibu, "Mpumzike, wewe na nani?" Nikaanza kuhesabu, mama, mimi, wanangu, nikafika kwa mdogo wangu nikamtaja na yeye, kwamba na yeye apumzike, nikalia mpaka dakika hamsini zikaisha. Kumbe sikuwa namtakia kifo, nilikuwa nimechoka kumwona anateseka na mi nateseka naye. Hapo angeweza kunieleza ya mama yake. Alinyamaza akanisogezea maji.

Kosa lake nalisema pia. Kuna kipindi alipitiliza, nimemgusia habari ya soba ye akaingia kwenye miaka yake ya soba, nusu saa nzima anaongea yeye. Nikarudi nyumbani nimebeba yangu na yake. Alhamisi iliyofuata nikamwambia, natetemeka kweli maana ni mkubwa kwangu kiumri, kaka wiki iliyopita uliongea wewe. Akasema ni kweli, na samahani, muda ule ulikuwa wako, kipindi cha leo hulipi. Hakujitetea. Mi sijawahi kuombwa radhi na mtu mzima mwenye ofisi, nilikaa nalo siku nyingi.

Upande wa elimu ndo alinifungua macho. Alinifundisha kwamba wakati wa hatari zaidi ni mtu anapotoka soba au jela, sio akiwa amezama, kwa sababu mwili umeshapoa, umesahau, sasa akirudia kipimo chake kilekile cha zamani pumzi inakata. Mi miaka yote akitoka soba nilikuwa nafanya sherehe nalala usingizi! Akanionyesha dalili, anakoroma vibaya, pumzi zinakuja kwa kuachana sana, midomo na kucha vinabadilika rangi, umlaze ubavu usimwache chali, umkimbize hospitali, usimmwagie maji ukakaa unasubiri. Haya kayaandika kwenye karatasi, nimelibandika nyuma ya mlango wa kabati.

Methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, nayo nilikuwa naipinga, nilikuwa nasema ni kumhamisha kutoka unga kwenda unga mwingine wa serikali. Hakubishana na mimi. Aliuliza mdogo wangu anahangaika mara ngapi kwa siku kutafuta kete. Nikasema mara tatu, nne. Akaeleza heroini inaisha mwilini baada ya saa chache ndo arosto inamkimbiza tena mtaani, methadoni inakaa kama siku nzima, anakunywa mara moja mbele ya nesi anakwenda zake. Hapa nchini ilianza Muhimbili mwaka 2011 ndo ikaja mikoani, sisi tunayo hospitali ya Bombo na hailipiwi. Kisha akasema uamuzi ni wa mdogo wako, sio wangu wala wako. Nilitamani aseme mpeleke, ningempeleka kwa nguvu siku hiyohiyo, na nadhani ndo maana hakusema.

Kuna maneno matatu alinipa, akasema sio yake, yanatoka kwenye vikundi vya Al-Anon vilivyoanza Marekani mwaka 1951, vya familia za walevi. Hukuusababisha uraibu wake, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Mawili nilikubali. La kwanza tumepigana nalo miezi, kwa sababu mi ndo niliyekuwa nikimtumia hela alipokuwa Dar, na huko ndo alikoanza. Hakunilazimisha nikubali. Kila nikisema ni mimi, ananiambia haya nielezee hiyo hela ilikuwa ya nini. Ya chakula na kodi ya chumba. Mpaka leo silikubali lote, ila sasa nikilisema sauti inanitoka tofauti.

Dini hakuigusa vibaya. Ni mkristo, mi muislamu, aliniuliza sala inanisaidia saa ngapi zaidi, nikasema alfajiri, akasema basi hapo pashike. Hakuniambia waganga ni upuuzi, aliuliza tu zimekwenda shilingi ngapi, nikazihesabu mwenyewe nikanyamaza.

Mengine madogo. Chumba kina joto, feni inapiga kelele, nje kuna fundi wa kuchomelea, siku nyingine unaongea mambo mazito huku cheche zinalia. Mara mbili kachelewa, alituma meseji. Risiti mpaka uombe. Ukikwama hela mwambie mapema, mi alinikubalia elfu kumi miezi miwili ya kiangazi kazi ilipokuwa mbovu. Anayetaka kuambiwa fanya moja mbili tatu atachoka naye haraka, hasa wazee wetu wa kiume, mjomba alikwenda mara moja akasema amelipia maswali.

Mdogo wangu alikwenda Bombo mwenyewe mwezi wa nne, hakuniambia, nilimwona tu asubuhi anavaa viatu. Kashakosa dozi siku kadhaa na kuna usiku mmoja alirudi kavuta. Nilimpa chakula nikaenda kulala, zamani ningemsachi mifuko mpaka soksi.

Mtungi bado nalala nao chumbani. Alhamisi hii nilimwuliza mnasihi kama ni wakati wa kuuacha jikoni, akasema wewe unaonaje, nikasema bado. Akasema haya, tukaendelea na habari ya mama.