TAHADHARI: Kapsuli za "maganda ya embe" na chupa ya "gundi ya nyuki" zinazouzwa Tabora kama dawa ya sukari

Mwangaluka ndugu zangu wa Tabora. Kama nyumbani kuna mzee mwenye sukari, naomba usome hii, kisha nenda kaangalie anapoweka dawa zake.

Kuna kikundi kinazunguka hapa mjini, na sasa nasikia kimeshafika Urambo na Nzega. Wanauza kopo la kapsuli 60 lenye picha ya embe, pamoja na chupa ndogo ya kahawia yenye picha ya nyuki. Kwenye kopo wanasema ni unga wa maganda na kokwa za embe. Kwenye chupa wanasema ni dondoo la gundi ya nyuki (propolisi) wa miombo. Vyote viwili ni shilingi 85,000, na "dozi kamili" ya miezi mitatu ni 240,000. Ahadi yao ni kwamba sukari itaondoka moja kwa moja. Mama yangu ana miaka 67 na alinunua. Siku ya tisa tulimbeba hajitambui.

Jina la yule anayeitwa "dokta" siliandiki, maana kila mtaa amejitambulisha kwa jina lake. Nitaeleza wanavyofanya, ili hata wakibadili picha ya kopo uwatambue.

Walianza na semina ya afya ya bure kwenye ukumbi wa kukodi, mwezi wa kumi na moja, wakati ule maembe yanaoza chini ya miti kwa wingi wake. Walialika akina mama wa vikoba. Unapewa chai, unashikishwa kichuma chenye waya ulioungwa kwenye kompyuta, na baada ya dakika moja inatoka karatasi: kongosho limechoka, ini limejaa sumu, damu nzito. Hakuna aliyetobolewa kidole, hakuna aliyetoa mkojo. Kichuma kile hakiwezi kujua sukari yako, kwa sababu sukari hupimwa kwenye damu. Mdogo wangu alikishika mara mbili ndani ya nusu saa, na zile karatasi mbili zilipishana karibu kila mstari. Alipouliza, aliambiwa ana mawazo mengi.

Baada ya karatasi ndipo yanakuja mafundisho. Hapo ndipo hata mimi nilinaswa.

Mimi ni mfugaji nyuki, mizinga yangu iko Sikonge. Mama aliponipigia simu kuniuliza, nilimjibu kwamba gundi ya nyuki ni kitu kizuri. Ni maneno yangu hayo yaliyomfanya atoe hela yake ya kikoba. Sikuuliza chupa imetoka wapi, sikuuliza atakula vipi, sikuuliza kuhusu dawa zake za hospitali. Nalibeba hilo.

Tatizo ni kwamba mengi waliyoyasema ukumbini ni kweli. Maganda ya embe tunayotupa yana viambata kama polifenoli na karotenoidi, pamoja na nyuzinyuzi nyingi, na ndani yake kuna kiambata kiitwacho manjiferini ambacho kipo pia kwenye majani na magome ya mwembe. Kokwa lina wanga, mafuta na tanini. Maganda ya vitunguu vyekundu yana kwesetini. Pumba za mpunga, huo huo wa Igunga na Nzega, zina mafuta yenye orizanoli na vitamini E. Wataalamu wa vyakula duniani kote wanahangaika kuyatumia mabaki haya badala ya kuyatupa, na ni kazi ya maana. Gundi ya nyuki nayo si uzushi: nyuki hukusanya utomvu kwenye vichipukizi vya miti, wakauchanganya na nta, wakaziba nayo nyufa za mzinga, na ina flavonoidi zinazozuia vijidudu.

Hata metformin, kidonge cha sukari ambacho mama alikuwa anameza, asili yake ni mmea. Ilitokana na utafiti wa viambata vya Galega officinalis, mmea wa Ulaya, na ilianza kutumika kwa wagonjwa wa sukari Ufaransa mwaka 1957. Dawa ya malaria tunayoijua sote kama mseto, sehemu yake moja inatoka kwenye mmea wa Artemisia annua, na Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu asije akasema napinga mitishamba.

Lakini kati ya ganda la embe na dawa ya sukari kuna safari ndefu, na hao jamaa wameiruka. Majaribio mengi ya manjiferini yamefanywa kwa panya. Binadamu akiimeza, utumbo wake hunyonya kiasi kidogo sana. Mti huu na ule havilingani kwa viambata, ganda bichi na ganda bivu havilingani, na ganda lililoanikwa juani siku tatu limeshapoteza sehemu ya karotenoidi zake. Likianikwa vibaya linaota ukungu. Halafu utomvu wa embe, kama kila mtoto wa Tabora anavyojua, unaunguza midomo ya baadhi ya watu. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Anayekuambia kitu kama hicho "hakina madhara yoyote kwa mtu yeyote" hajawahi kukichunguza.

Sasa kilichompata mama.

Aliambiwa "apumzishe" metformin wiki tatu ili mwili usafishike. Ameze kapsuli mbili asubuhi na mbili usiku, na matone ya chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Sukari yake ilikuwa 13.2 (milimoli kwa lita) siku anaanza. Siku ya nne ikawa 6.1. Nyumba nzima tulifurahi. Mama akawaita wenzake wa kikoba akawaonyesha kipimo, na watatu wakanunua siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nilianza kufikiria kuuza gundi yangu kwa hao watu.

Asubuhi ya siku ya tisa, mjukuu wake alimkuta kalowa jasho kama aliyenyeshewa, anaongea maneno yasiyoeleweka, kisha akanyamaza. Bajaji ilitufikisha hospitali, na kipimo kikasoma 1.9. Sukari ikiwa chini ya 3.9 tayari imeshuka kupita kiasi. Akatundikiwa dripu ya glukosi, akafumbua macho saa mbili asubuhi. Tukashukuru Mungu. Saa kumi jioni ikaanguka tena.

Ni kule kuanguka mara ya pili kulikomfanya daktari akae kitini na kutuuliza vizuri. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari namna ile, na mama alikuwa ameshaiacha. Akauliza kama ndani kuna mtu anayetumia glibenklamidi. Hakuna. Hiki ni kidonge cha zamani, cha bei ndogo, kinacholilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, na nguvu yake inaweza kukaa saa 24. Shirika la Afya Duniani linasema hakifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Tukampa lile kopo. Alifungua kapsuli tatu juu ya karatasi nyeupe, na ndani ya unga wa kahawia kulikuwa na chembechembe nyeupe, kama kidonge kilichotwangwa. Alituambia hawezi kuapa bila maabara, ila kwa miaka yake yote hajaona ganda la embe likimwangusha mtu mara mbili kwa siku moja.

Na mchezo huu si wa leo. Sehemu mbalimbali duniani, dawa za "asili" za sukari zimekutwa na glibenklamidi ndani yake, za maumivu ya viungo zimekutwa na steroidi, za nguvu za kiume zimekutwa na sildenafili, zote dawa za viwandani. Kwa hiyo dawa ya majani ikikushushia sukari haraka hivyo, usishangilie kama tulivyoshangilia sisi. Ogopa.

Ile chupa niliipima mwenyewe nyumbani. Gundi ya nyuki haiyeyuki kwenye maji, huyeyushwa kwa spiriti. Ukidondosha dondoo lake halisi kwenye glasi ya maji, maji hugeuka meupe kama maziwa, kwa sababu ule utomvu unajitenga. Hunukia kama ubani, ni chungu, na huacha ulimi na ganzi kidogo. Ya kwao ilipaka maji rangi ya chai, yakabaki maangavu. Nikaonja: tamu. Ni sukari iliyounguzwa, wanamuuzia mgonjwa wa sukari.

Kuhusu karatasi zao, msizubae. Tulipoomba uthibitisho walitoa TIN na leseni ya biashara, wakavikunjua kwa madaha. TIN inaonyesha mtu ni mlipa kodi, na leseni inamruhusu kufanya biashara. Hakuna hata moja inayosema kilichomo kwenye kopo kimepimwa. Dawa husajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa za asili na waganga wake wako chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Vyakula, tangu 2019, viko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Ukiwauliza usajili wa dawa, wanasema hiki ni chakula tu. Ukiwauliza alama ya chakula, wanasema hii ni tiba asili. Kopo lenyewe halina namba ya toleo wala mahali lilipotengenezwa, na tarehe ya kuisha muda imebandikwa kwa stika juu ya tarehe nyingine.

Aliyeshanunua, asitupe. Acha kumeza, funga kopo na mabaki yake yote kwenye mfuko, weka na meseji za malipo, upeleke TMDA. Kanda ya Magharibi ofisi iko hapa hapa Tabora. Sisi tumekabidhi kapsuli 25 na chupa. Mgonjwa apelekwe kliniki yake ya sukari akapimwe na arudishiwe dawa kwa maelekezo yao, asijipangie mwenyewe. Akianza kutokwa jasho, kutetemeka au kuongea ovyo na bado anaweza kumeza, mpe soda ya sukari, maji ya sukari au asali, kisha hospitali, na mkafike hata kama amepata nafuu. Akiwa hajitambui usimmiminie chochote mdomoni.

Mama ametoka hospitali Jumanne. Leo asubuhi amesoma 7.4, yuko kwenye metformin yake. Hasemi sana. Kinachomnyima usingizi ni wale wenzake watatu walionunua kwa kumwona yeye. Wawili tumewapata na makopo tumeyachukua. Wa tatu amesafiri kwenda Kaliua kwa binti yake, amebeba dozi ya miezi mitatu, na simu yake haipatikani tangu Alhamisi. Ndugu mlioko Kaliua, Usinge na huko njiani, kama umepokea mama mgeni kutoka Tabora mjini mwenye kopo la picha ya embe, mwambie leo hii asimeze, na ampigie mwenzake wa kikoba.