Kipimo cha vitamini nikiwa mjamzito: nilipewa hofu isiyo na sababu

Hasira hii nimekaa nayo muda, leo naiandika. Nilikuwa katikati ya ujauzito usio na tatizo lolote: presha nzuri, damu ya kutosha, mtoto anacheza. Nikaamua kupima vitamini kwenye maabara binafsi. Aliyenitoa damu ana mkono mwepesi, na majibu yalitoka mapema kuliko walivyoniahidi. Kwa hayo mawili nilikuwa tayari kuwasifu.

Majibu yenyewe sasa. Vitamini B12, mshale mwekundu unaoshuka. Vitamini E, mshale mwekundu unaopanda. Pembeni, kwenye safu ya viwango vya kawaida, wameandika "watu wazima". Watu wazima gani? Fomu yao wenyewe iliniuliza kama nina mimba na ina wiki ngapi, nikajaza yote! Nikamuuliza dada wa dirishani kama viwango hivyo ni vya wajawazito. Hakuinua hata macho. "Mama, kipimo ni kipimo. Umepungukiwa, basi." Akanisogezea kopo la vidonge vya vitamini mchanganyiko, eti nianze siku hiyohiyo.

Usiku ule sikulala. Nilijiona nimeshamdhuru mwanangu.

Mkunga wangu ndiye aliyenitoa hofu. Mimba inapokua, maji ya damu huongezeka kwa karibu nusu ya yale ya mwanzo, kwa hiyo vitamini nyingi huonekana zimeshuka kwa kila lita ilhali mwili haujapungukiwa. B12 ina la ziada: sehemu kubwa ya ile iliyomo kwenye damu hushikwa na protini isiyoifikisha kwenye seli nyingi za mwili, na hiyo ndiyo hushuka hasa. Ile ambayo seli huitumia, inayobebwa na protini nyingine iitwayo transkobalamini, haibadiliki sana. Na vitamini E hupanda kwa sababu husafiri na mafuta ya damu, nayo huongezeka mimba ikikua. Yaani mishale yote miwili ilikuwa ikieleza mimba, si ugonjwa! Akaniandikia kipimo cha hiyo B12 inayotumika, pamoja na asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda seli zikikosa B12 kwelikweli. Vyote vilitoka salama.

Nilitaka kuishia kusema mashine zao ni nzuri, kapimeni kisha majibu mpelekee mkunga. Namba hazikuwa na kosa, lazima niseme haki.

Lakini lile kopo! Mkunga alisoma lebo akanyamaza kwanza. Dozi ya siku moja ilikuwa na vitamini A aina ya retinoli kupita IU (vizio vya kimataifa) 10,000, kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani limewawekea wajawazito kwa siku. Retinoli ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kuharibu maumbile ya mtoto tumboni. Na aliyenipa hakuuliza hata natumia vidonge gani vingine. Hapo sifa zangu zote nazifuta.

Niliwapigia simu kuwaomba waweke viwango vya wajawazito, kwa kila miezi mitatu ya mimba. Wakanijibu mfumo wao hauruhusu. Mdogo wangu ana mimba changa na alikuwa ameshapanga kwenda kwao. Nimemzuia.