Vocha za wageni, kuta za matumbawe na kontrola ya UniFi ndani ya NAS

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirishani unaweza kuketi ndani ya ukuta wenyewe ukanywa kahawa yako. Wakati wa kaskazi ni neema. Kwa Wi-Fi ni mtihani. Rauta ya faiba iliwekwa chini ukumbini, na ukipanda ngazi mara moja tu mawimbi yamekwisha. Nilivuta kebo nikafunga akses pointi (vifaa vya ukutani vya kusambaza Wi-Fi) mbili za UniFi, aina ya U6 Lite, moja kila ghorofa, na malalamiko ya nyumbani yakaisha siku hiyo hiyo.

Ikabaki programu ya kuzisimamia. Jina lake rasmi ni UniFi Network Application, lakini sisi tunaoitumia bado tunaiita kontrola. Nilianza kwa kuiweka kwenye laptopu, na kwa wiki chache sikuona tatizo, kwa sababu akses pointi zikishapangwa huendelea kufanya kazi hata kontrola ikizimwa. Jambo hili wengi hawalijui, na ndilo huwafanya wanunue kifaa cha kusimamia mtandao kabla ya kujiuliza kama wanakihitaji.

Sisi tulikihitaji kwa sababu moja: vocha. Mamangu hukaribisha wageni katika vyumba viwili vya juu, na hataki nenosiri la nyumba lizunguke mjini. Kila mgeni hupewa karatasi yenye namba, anaiingiza kwenye ukurasa unaojifungua kwenye simu, na siku zake zikiisha namba imekufa. Ukurasa huo hutolewa na kontrola yenyewe. Laptopu yangu ikiwa nami Nairobi, mgeni mpya anayefika Mombasa hana pa kuingizia vocha. Mama alinipigia simu mara tatu katika mwezi mmoja kwa jambo hilo hilo, na mara ya tatu sauti yake ilinionyesha kwamba dharura za laptopu zimetosha.

Nyumbani tayari tulikuwa na NAS, yaani kompyuta ndogo ya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani: Synology DS220+ inayohifadhi picha za familia. Inawaka usiku na mchana, inakula umeme kidogo, na inaweza kuendesha makontena, yaani programu zilizofungwa kila moja peke yake pamoja na vyote inavyohitaji, kupitia Container Manager, ambayo ndiyo ile iliyoitwa Docker kabla ya toleo 7.2 la DSM, mfumo endeshi wa Synology. Nikaamua kontrola ihamie huko. Hiyo ilikuwa 2024, na tangu wakati huo sijaiondoa. Ninayoyaeleza hapa yote yamenipata kwenye mashine hiyo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba imeji ninayotumia, yaani kifurushi ambacho kontena huundwa nacho, haitengenezwi na Ubiquiti, kampuni yenye UniFi. Inatengenezwa na LinuxServer, kundi la watu wanaojitolea, na kazi yao naithamini sana. Zamani walikuwa na imeji moja, unifi-controller, yenye kila kitu ndani, pamoja na kanzidata ya MongoDB. Januari 2024 waliistaafisha. Iliyochukua nafasi yake, unifi-network-application, inakuja bila kanzidata, na ni juu yako kuendesha kontena la pili la MongoDB pembeni yake. Maelekezo mengi ya zamani bado yanaonyesha njia ya kontena moja. Ukiyakuta, yapite.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kontrola yenyewe haina makuu. Siku utakayolala umechelewa, ujue ni kanzidata.

Usiku wa kwanza niliandika faili la kompozi, lile linaloeleza makontena yawashwe vipi, na kwenye MongoDB nikaacha tagi ya latest, yaani toleo jipya kabisa lililopo, kama nilivyozoea kwa makontena mengine. Kontena likawaka, likazima, likawaka, likazima. Namba ya kutoka ilikuwa 132, ambayo maana yake ni kwamba prosesa imepewa amri isiyoijua. Nilipofungua kumbukumbu za kontena nikakuta onyo limeandikwa wazi kabisa: MongoDB kuanzia toleo 5.0 inahitaji prosesa yenye AVX, fungu la amri za ziada ambalo si kila prosesa inalo. DS220+ ina Celeron J4025, na prosesa za ukoo huo hazina AVX. Hakuna mpangilio wa kubadilisha wala RAM ya kuongeza itakayoleta AVX pasipokuwepo. Suluhisho ni kushuka hadi mongo:4.4, toleo la mwisho lisilodai kitu hicho. Nilibadilisha tagi na kontena likasimama imara. Wenye DS920+ pia wako kwenye mashua hii, kwa sababu J4125 yao ni ya ukoo huo huo.

Hata mwenye prosesa mpya asiache latest kwenye kanzidata. MongoDB haikubali kurukishwa matoleo makubwa: kutoka 4.4 unapita 5.0 ndipo ufike 6.0. Tagi ya latest itakuletea toleo jipya siku usiyoitarajia, nayo itakataa kusoma folda ya zamani.

Mtego wa pili ulinichukua saa nzima. Kanzidata inahitaji mtumiaji na nenosiri kwa ajili ya kontrola, na huundwa na hati ndogo, init-mongo.sh, inayowekwa kwenye folda ya docker-entrypoint-initdb.d. Hati hiyo husomwa mara moja tu, pale folda ya data inapokuwa tupu kabisa. Mimi nilikosea herufi kwenye nenosiri, nikairekebisha, nikawasha upya, na kontrola ikaendelea kukataliwa. Nilirekebisha tena na tena kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikisoma. Upande wa kontrola ni vivyo hivyo: jina na nenosiri la kanzidata hutazamwa mwanzo wa kwanza, kisha huandikwa kwenye system.properties na kubaki huko. Dawa ni kuzima makontena yote mawili, kufuta folda zote mbili zikiwa bado hazina kitu cha maana, na kuanza upya. Na kwenye nenosiri hilo tumia herufi na namba peke yake. Alama kama @ huvuruga anwani ambayo kontrola huitumia kuifikia kanzidata.

Kisha likaja suala la anwani, na hapa naomba msomaji anayeanza anisikilize vizuri. Kontena lina mtandao wake wa ndani, na kwenye mpangilio wa kawaida hupata anwani inayoanza na 172. Kontrola hujiona iko kwenye anwani hiyo, na inapoisajili akses pointi huiambia: kuanzia leo niripotie hapa. Akses pointi iko ukutani kwenye 192.168, haina njia ya kufika huko ndani. Matokeo yake ni kwamba unaiona kwenye orodha, unabonyeza kuisajili, inazunguka, kisha inakwama au inaonekana haipo. Mtu anaanza kushuku kebo, swichi, hata fundi aliyezivuta. Kumbe tiba ni mstari mmoja. Kwenye mipangilio ya kontrola kuna sehemu ya Inform Host. Weka alama ya kuipindua, kisha andika anwani ya NAS yenyewe. Yangu ni 192.168.1.10, nami nimeifunga kwenye rauta isibadilike kamwe.

Kama akses pointi ilishasajiliwa kwenye kontrola ya zamani, njia ya heshima ni kutoa faili la nakala kwenye laptopu, kulipandisha kwenye kontrola mpya, kisha kuingia kwenye kila akses pointi kwa SSH (njia ya kukiandikia kifaa amri kupitia mtandao) na kuielekeza kwa amri hii:

set-inform http://192.168.1.10:8080/inform

Yangu ya juu ilitii mara ya kwanza. Ya chini niliiandikia mara mbili. Poti za lazima ni 8080 kwa ripoti hizo, 8443 kwa ukurasa wa usimamizi, 3478 ya UDP, na 10001 ya UDP kwa kugunduana. Mwenye vocha aongeze 8880 na 8843, la sivyo wageni hawataona ukurasa. Hakikisha pia hakuna programu nyingine kwenye NAS iliyokalia 8080, kwa maana poti hiyo hupendwa na wengi. 8443 usiifungue kuelekea intaneti. Mimi nikiwa Nairobi huingia nyumbani kwa VPN, ndipo nafungua ukurasa.

Kuhusu kasi na uzito: DS220+ hutoka kiwandani na GB 2 za RAM, na kwa kazi hii ni finyu. Kontrola imeandikwa kwa Java na imeji hii huiwekea kikomo cha MB 1024, kisha MongoDB nayo inataka fungu lake. Kwa wiki ya kwanza picha za familia zilifunguka kwa kujikokota, na mtu wa kwanza kulalamika alikuwa dadangu. Niliongeza kipande cha GB 4, ikawa GB 6, kiwango cha juu ambacho Synology wanakitambua kwa mashine hii. Pia niliibana MongoDB kwa kuandika --wiredTigerCacheSizeGB 0.25 kwenye amri yake. Kwa akses pointi mbili na simu zisizozidi ishirini, robo ya GB inatosha na kubaki. Tangu hapo hakuna aliyelalamika. Ukurasa wa kontrola huchukua sekunde kadhaa kufunguka, nami hilo halinisumbui kwa sababu siufungui kila siku.

Sasa stima. Miezi minne baada ya kuanza, stima ilipotea ghafla, ikarudi, ikapotea tena ndani ya dakika chache. NAS haikuwa na UPS, betri ya akiba ya stima ikikatika, na hilo lilikuwa uzembe wangu. Iliporudi kwa mara ya mwisho picha zilikuwa salama, lakini kanzidata ilikataa kuwaka. Kwa kawaida hujiponya kupitia kumbukumbu yake ya maandishi. Siku hiyo haikuweza. Nilikuwa na folda iliyonakiliwa na Hyper Backup, programu ya nakala ya Synology, usiku uliotangulia, nikadhani nimeokoka. Nayo haikuwaka, kwa sababu nilikuwa nikiinakili huku kanzidata inaendelea kuandika, na nakala ya namna hiyo huenda ikawa nusu ya jana na nusu ya leo.

Kilichoniokoa ni faili dogo la .unf. Kontrola ina mpangilio wa kujitengenezea nakala yenyewe kila wiki au kila siku, na mafaili hayo hukaa ndani ya data/backup/autobackup. Nilifuta folda ya kanzidata, nikaanza na kontrola tupu, nikapandisha faili hilo, na ndani ya nusu saa akses pointi zote mbili zilirejea zenyewe bila kuguswa. Kuanzia siku hiyo nakala ni ya kila siku, na Hyper Backup hubeba folda ya autobackup pekee. Folda ya MongoDB siibebi tena. UPS nayo ilinunuliwa wiki hiyo, imeunganishwa na NAS kwa USB, na NAS hujizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Swichi inayolisha akses pointi niliichomeka kwenye UPS hiyo pia.

Nikimshauri mtu, nitamuuliza kwanza ana nini nyumbani. Kama huna NAS na unaanza leo, usinunue NAS kwa ajili ya hili. Ubiquiti wana rauta kama Cloud Gateway Ultra, kontrola ikiwa tayari ndani yake, na utaokoa usiku kadhaa. Kama NAS unayo, ina GB 4 au zaidi, na uko tayari kusoma kumbukumbu za kontena bila kukata tamaa, basi njia hii ni nzuri na haikugharimu chochote kwa mwezi. Mimi nimeipa imani yangu, na mamangu ameipa wageni wake, jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi. Vocha sasa anazichapisha mwenyewe kutoka kwenye simu, akiwa amelala kitandani pale ambapo zamani mawimbi hayakufika.

Linalonikera bado ni ile 4.4. MongoDB waliacha kuihudumia Februari 2024, kwa hiyo ninaendesha toleo lisilopata marekebisho ya usalama. Nimelizungushia ua kadiri ninavyoweza: kontena hilo halina poti hata moja iliyofunguliwa nje ya mtandao wa ndani wa Docker, na ni kontrola tu inayolifikia. Hata hivyo sitaki kulibeba miaka mingi. NAS ijayo itakuwa na prosesa yenye AVX, na DS923+ yenye Ryzen R1600 ndiyo ninayoiwekea akiba. Siku ya kuhama sitapandisha kanzidata toleo kwa toleo. Nitaanza na folda tupu na tagi mpya ya mongo, niipe NAS mpya anwani ile ile ya 192.168.1.10, kisha nipandishe faili la .unf la usiku huo.