pytest-qt: hodari wa kubofya, dhaifu wa kuburuta

Anayeandika programu za madirisha kwa Python kupitia PyQt6 au PySide6 (maktaba zinazoiwezesha Python kutumia Qt, mfumo wa kuunda madirisha na vitufe) hatapata zana ya majaribio ninayoipendekeza kuliko pytest-qt, mradi aelewe ni kitu gani hasa hutendeka jaribio linapobofya.

Kazi yote hupitia qtbot, kifaa ambacho pytest-qt hulipa jaribio ili liigize vitendo vya mtumiaji. Ukiiagiza qtbot.mouseClick ibofye kitufe bila kutaja mahali, hubofya katikati yake. Mbofyo huo huandikwa ndani ya qtbot.waitSignal, inayosubiri ishara (taarifa ambayo sehemu ya programu hutoa jambo fulani linapotokea), ili usubiri uwe umeshaanza kabla ishara haijatoka, na muda wa kungoja ni milisekunde 5,000 usipoweka mwingine. Hapa ndipo ninapoithamini zaidi, kwa kuwa majaribio yanayolala sekunde mbili za kukisia hupita leo na kushindwa kesho, ingawa hakuna aliyegusa msimbo. Tena, kosa likitokea ndani ya mousePressEvent, msimbo unaoitwa kitufe cha kipanya kinapobonyezwa, jaribio huhesabiwa kuwa limeshindwa, badala ya kosa hilo kuishia kuchapishwa kwenye terminali.

Hata hivyo, mbofyo huo hautoki kwenye kipanya wala kwenye mfumo endeshi. Qt huunda tukio na kulikabidhi moja kwa moja kwa wijeti (kipande cha dirisha, kama kitufe au paneli) uliyoitaja, hivyo kitufe kilichofunikwa kabisa na wijeti nyingine hubofyeka vizuri katika jaribio, ilhali mtumiaji hakioni. Katika fomu moja niliyoiandika mwenyewe, majaribio yote yalipita huku kitufe cha Hifadhi kikiwa chini ya paneli. Tangu siku hiyo huiuliza kwanza childAt ya dirisha ni wijeti gani iliyopo mahali pale, ndipo nibofye.

Kwenye kuburuta na kudondosha, mambo ni magumu zaidi. QDrag.exec, amri inayoanzisha uburutaji, huendesha mzunguko wake wa matukio na hairudi mpaka uburutaji uishe, kwa hiyo mstari wa jaribio ambao ungeachilia kitufe cha kipanya haufikiwi kamwe. Ninachofanya ni kuligawa jambo lenyewe: uanzishaji wa uburutaji naujaribu kwa mkono kwenye skrini halisi, na upokeaji naujaribu kwa kuunda QDropEvent (tukio la kudondosha) yenye QMimeData (data inayodondoshwa) yangu na kuipa moja kwa moja dropEvent, msimbo wa wijeti unaopokea kinachodondoshwa. Sehemu hii ya pili hukimbia hata kwenye seva isiyo na skrini, ukiweka kigeu cha mazingira QT_QPA_PLATFORM kuwa offscreen, ili Qt ichore bila skrini.