Mgahawa usio na kibao, Konde: nilisema sinywi chai, nikakosa chai siku mbili

Ukishuka daladala ya kutoka Chake pale Konde, kaskazini mwa Pemba, usiulize jina la mgahawa, hauna. Uliza kwa Bi Mkubwa wa vitumbua, hata mtoto wa chekechea atakupeleka. Utaona baraza ya saruji, mabenchi mawili (la kushoto lina mguu mfupi uliotiliwa kigae, kaa la kulia), pazia la kanga mlangoni, na nyuma ya pazia seredani tatu zinazowaka tangu kabla ya alfajiri. Jina la mwenyewe nalijua. Sikumwomba ruhusa ya kuliweka hapa, basi naye abaki Bi Mkubwa kama wanavyomwita wote.

Nimekula hapo kuanzia katikati ya Septemba mpaka wiki ya pili ya Disemba, siku sita kwa wiki. Kwa nini sita, nitafika huko.

Lazima kwanza niseme mimi ni nani, maana bila hivyo sifa na malalamiko yangu hayataeleweka. Ni mtoto wa Temeke, nina miaka 23, fundi wa pampu za maji zinazotumia umeme wa jua. Kabla ya ufundi nilitumikia misheni miaka miwili nchini Kenya, katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ni wale ambao watu wengi wanatuita Wamormoni: shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani, vijana wawili wawili njiani. Nilikuwa na miaka 19 na watu wananiita "Mzee", kwa sababu ndicho cheo. Hatunywi pombe, hatuvuti sigara, na hatunywi chai wala kahawa. Hiyo chai ndiyo habari yenyewe.

Nilipoambiwa na kampuni kwamba nakwenda Pemba kaskazini miezi mitatu, nilijiona mzoefu. Misheni ndivyo ilivyo: kila baada ya wiki sita mpango unapangwa upya, unaambiwa unabaki au unahama, unafunga begi. Wiki 12 za mwanzo nilikuwa Nairobi, nikazoea magorofa na matatu. Simu ikaja, nikapelekwa Ukambani, Makueni. Wiki ya kwanza huko nilifua kola ya shati kila usiku na vumbi jekundu likagoma kutoka. Usiku giza, maji kwa madumu, na kila nyumba tuliyobisha hodi tulikaribishwa chai ya maziwa. Mwenzangu, Mganda mmoja aliyenizidi mwaka mzima kazini, alinifundisha jambo moja ambalo sikulipata darasani. Ukikaribishwa chai, pokea kiti kwanza. Kaa. Shukuru. Halafu omba maji. Ukikataa chai ungali umesimama, umemkataa mwenye nyumba.

Konde sikuwa na mwenzi. Mmisionari halali peke yake wala hatembei peke yake. Kuna siku nilimchoka yule Mganda mpaka nikahesabu wiki, lakini aibu ikija tulikuwa tunagawana. Hapa nilifika na begi la vifaa, nikaenda kwa sheha, kiongozi wa eneo, na barua ya kampuni, akaniuliza nimekuja kwa kazi gani, nitakaa kwa nani, muda gani. Nikamjibu. Akanikaribisha, na akaniambia chakula nikale kwa Bi Mkubwa.

Asubuhi ya kwanza nilifuata somo la Mganda hatua kwa hatua. Nikakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikupe chai?"

"Ahsante sana mama. Mimi sinywi chai. Naomba maji tu."

"Hunywi kabisa?"

"Kabisa."

"Maskini," akasema, na alilisema kutoka moyoni. Akaleta maji kwenye kikombe cha bati. Nikasubiri vitumbua. Vikapita mbele yangu sahani kwa sahani kwenda kwa wengine, harufu ya nazi na hiliki inanipiga usoni, mimi na kikombe changu. Nikadhani kuna foleni. Saa moja na nusu gari ya kazini ikapiga honi, nikaondoka na maji tumboni.

Siku ya pili hivyohivyo, na safari hii niliagiza kwa sauti. Bi Mkubwa akanitazama kama mtu anayeomba dawa aliyokatazwa na daktari. Akaniletea kitumbua kimoja, kidogo, kwenye kisosi.

Siku ya tatu mzee mmoja wa benchi la kushoto akashindwa kuvumilia. "Yakhe, weye asubuhi huli, waja kukaa tu?"

Hapo ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimemwambia mama wa watu kwamba sili chakula cha asubuhi kabisa, na yeye akahitimisha kuwa nina vidonda vya tumbo. Ningepaswa kujua, kwani hata Temeke tunaulizana "umekunywa chai?" tukimaanisha umekula. Lakini miaka miwili ya kulieleza neno lile kama kinywaji ilikuwa imeniharibu masikio. Nikaeleza: nakula kila kitu, chapati, mihogo, vitumbua hata kumi, ninachokiacha ni majani ya chai, na kahawa, kwa sababu ya dini yangu.

Baraza zima likanyamaza, kisha maswali yakaja. Yule mzee akataka maandiko yanasemaje hasa. Nikamwambia ni mafunzo ya mwaka 1833, tunayaita Neno la Hekima, na maneno yake ni "vinywaji vya moto".

"Basi uji je?"

"Uji nakunywa."

"Uji baridi?"

"Wa moto."

"Ah!"

Nikafafanua kwamba viongozi wetu tangu zamani wameeleza maana yake ni chai na kahawa, si joto lenyewe. Mzee akatikisa kichwa kwa namna ya mtu ambaye hajakubali ila ameridhika kwamba jibu lipo. Hakuna aliyecheka. Watu wanaofunga mwezi mzima hawashangai mtu akisema kitu fulani hakipiti kinywani mwake, wanachotaka kujua ni mpaka wake uko wapi.

Bi Mkubwa ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote: "Hutaki majani, ama hutaki maji moto?"

"Majani."

"Basi." Akaingia nyuma ya pazia. Nikasikia kisu kinakata kitu uani. Baadaye akatoka na kikombe kinachotoa mvuke, cha rangi ya kijani iliyopauka, kina karafuu mbili zinaelea. Mchaichai. Nikasita, maana jina lenyewe lina chai mara mbili. Akaniona ninavyosita.

"Kunywa. Hii si chai, hii nyasi."

Nimekunywa nyasi ile kila asubuhi ya kazi kwa miezi mitatu. Huichemsha na hiliki iliyopondwa na karafuu, sukari anakuwekea pembeni ujitilie. Kikombe shilingi 300, sawa na chai ya kawaida, ingawa kila mara ilibidi achemshe sufuria ya peke yake kwa mtu mmoja. Nilijaribu kulipa zaidi, akaniuliza kama nimeambiwa yeye ni mwizi.

Sasa chakula. Vitumbua ndivyo vilivyompa jina na vinastahili. Mchele unarowekwa usiku, unasagwa, unakandwa na tui zito, na chuma chake cha kuchomea ni cheusi kwa miaka. Ukingo unavunjika, katikati laini, hakuna mafuta yanayobaki vidoleni. Fika kabla ya saa moja na nusu. Saa mbili utakuta chapati, ambazo ni za kawaida tu, na mihogo ya nazi, ambayo si ya kawaida hata kidogo. Mchana wali wa nazi na samaki, 3,500 nilipokuwepo; samaki hutegemea bahari ilivyotaka, changu mara nyingi, tasi mara moja moja, na siku za pweza utajua kwa msongamano wa baiskeli nje. Mchuzi wa pweza wake una tui la kwanza, hajalichuja mara mbili mbili kuliongeza. Ukitaka kachumbari sema "tungule", ukisema "nyanya" utaeleweka lakini utatabasamiwa. Vilevile viazi ni mbatata, na mkate ni boflo. Mimi nilisahihishwa mpaka na mtoto wa skuli.

Malalamiko ninayo. Hana risiti. Kampuni yangu hairudishi hata senti bila risiti, na nilipomletea kitabu cha risiti nilichokinunua Chake, alikitumia kufungia kachori. Chenji ya noti ya elfu kumi ni safari ya maduka matatu. Adhana ya adhuhuri ikilia jiko linasimama, na ukifika dakika hiyo utakaa na njaa yako mpaka watu warudi kutoka msikitini. Sawa, ila gari letu la kazini halikuwa na subira hiyo. Pilipili yake haiulizwi, inakuja. Na lile benchi la kushoto, jamani, ni kazi ya msumari mmoja. Nilijitolea kulitengeneza, nikaambiwa wazee wamelizoea.

Jioni baada ya alasiri baraza inabadilika, inakuwa ya muuza kahawa. Anakuja na dele lake na finjani zinazogonganagongana, na wazee wanazungumza karafuu. Nilikuwepo msimu wa mavuno: majamvi pembezoni mwa barabara, harufu imeingia mpaka kwenye begi langu la nyaya, na mazungumzo yote ni kilo ngapi, zimekauka vipi, nani kazipeleka ZSTC (shirika la serikali linalonunua karafuu), nani mvua ya vuli imemkuta hajaanua. Hapo nilikaa na kipande cha halua bila finjani. Mmisionari ndani yangu alikuwa anajikuna, maana tulizoezwa kufungua mazungumzo na kila anayepumua. Lakini sikuja Konde kuhubiri, nilikuja kufunga pampu, na beji nilishaivua. Nikiulizwa nilijibu, nisipoulizwa nilisikiliza bei ya karafuu.

Nilisema siku sita. Sisi Jumapili hatununui wala hatuuzi tukiweza kuepuka. Kwa hiyo Jumamosi jioni nilikuwa nanunua boflo na ndizi, na Jumapili nashinda chumbani nasoma. Jumapili ya pili tu, mlango ukagongwa: mjukuu wa Bi Mkubwa, msichana wa darasa la tatu hivi, na bakuli lililofunikwa kawa. Nikamwambia ampe bibi shukrani, lakini leo sinunui. Akaondoka na bakuli. Baada ya robo saa akarudi nalo, na ujumbe ameukariri neno kwa neno: "Bibi kasema, kama weye hununui, yeye hauzi. Kula."

Basi kila Jumapili bakuli likaja.

Jumapili ya kwanza ya Novemba mtoto alinikuta nimefunga. Kanisa letu hufunga siku hiyo kila mwezi, milo miwili, karibu saa 24, na gharama ya ile milo huwaendea wenye shida. Nikamwambia, "Mwambie bibi leo nimefunga." Alikimbia huku akipaza sauti njia nzima: "Bibi! Mgeni kafunga! Kafunga Jumapili!" Nusu ya Konde ilijua kabla hajafika nyumbani.

Jua lilipozama alikuja Bi Mkubwa mwenyewe, na yule mzee wa uji nyuma yake kabeba chano. Uji wa pilipili manga, mihogo, samaki wa kukaanga, tende tatu. Walisimama mlangoni, hawakuingia.

"Hata maji hukunywa?" mzee akauliza.

"Hata maji."

"Na funga yako inatoka saa ngapi?"

Yangu ilikuwa imeshatoka saa kumi na moja, na nilikuwa nimeshakula ndizi mbili. Sikusema. Nikachukua tende.

Bei ya chano kile sikuijua mpaka leo. Jumatatu nilipotaka kulipa Bi Mkubwa alikuwa na shughuli nyingi sana nyuma ya pazia, shughuli ambazo zilikwisha gari langu lilipopiga honi.

Nimeondoka Disemba. Kampuni imempeleka fundi mwingine kunipokea, kijana wa Tanga, na nikamwelekeza mgahawa ule kama nilivyowaelekeza nyinyi: kaa benchi la kulia, wahi vitumbua, beba noti ndogo. Asubuhi yake ya tatu akanipigia simu amekasirika.

"Kaka, huyu mama wako ana nini? Kila nikiagiza chai ananiletea majani ya mchaichai. Namwambia mimi nataka ya rangi, ananiambia, 'Nyie mafundi wa pampu nawajua.'"