Mkasi wa kupogolea mibuni, nimeuhamishia kwenye maua: uzoefu wangu wa miezi tisa

Niliununua Novemba mwaka jana, duka la pembejeo hapa Moshi, shilingi 38,000. Ni ule ule wa wakulima wa kahawa: makali yanapishana, upande mnene uliopinda unashika tawi, mwembamba unakata.

Kabla yake nilikuwa na wa bei rahisi, ule ambao ubapa wake unashukia juu ya chuma bapa. Ule haukati, unaponda. Tawi bichi la waridi likishapondwa linaanza kukauka kutoka juu, linageuka jeusi, na jicho lililokuwa likitaka kuchipua linakufa nalo. Mashina mawili yaliniharibikia hivyo, nami nikanunua dawa ya ukungu nikidhani ni ugonjwa.

Sasa natafuta jicho linalotazama nje, napanda juu yake kama nusu sentimita, nakata kwa mshazari. Makali membamba nayaelekeza upande wa tawi linalobaki, ili alama ya kubanwa iende na kile kinachotupwa. Kidonda kinabaki laini kabisa, kama tango lililokatwa kwa kisu kikali.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni bogenvilia ya getini. Miaka yote ilikuwa ikinyolewa kila mwezi kwa makasi makubwa ya ua, imekaa mviringo, kijani tupu. Jamani, bogenvilia hutoa maua kwenye matawi mapya, kuelekea nchani! Ukinyoa kila mwezi unayaondoa kabla hayajafunguka. Nilisubiri masika yaishe, mwanzoni mwa Juni nikavaa glavu ngumu (miiba yake haina huruma) nikaingia kichakani. Nilianza na matawi makavu, nikafuata yanayosuguana, kisha yale marefu yaliyochomoza kama fimbo nikayapunguza theluthi moja. Urea sikuweka, maana inasukuma majani tu. Maji pia nilipunguza. Wiki ya saba ukuta wote ulikuwa zambarau, na majirani wakaanza kuomba vipandikizi.

Kasoro zipo. Springi huchomoka ukifungua mkasi kwa nguvu. Mara mbili nimepiga magoti kwenye nyasi kuitafuta. Kifungio kimeanza kulegea. Mishikio ni mipana kwa mkono wangu, nusu saa tu kiganja kinauma. Na tawi lililozidi unene wa kidole gumba msilazimishe, makali yatapanuka; hapo chukueni msumeno mdogo.

Mimi naufuta kwa spiriti kila ninapohama mti, jioni natia tone la mafuta ya cherehani kwenye nati. Makali nimeyanoa mara moja tu tangu Novemba.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda kununua, omba na springi ya akiba hapo hapo dukani.