Pikipiki ya BMW R1200GS au Honda Africa Twin iliyotumika: ipi inastahili bei yake?

Muuzaji akikutajia bei, usiulize mwaka kwanza. Omba kumbukumbu za matengenezo. R1200GS hutumia shafti, yaani mhimili unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, kwa hiyo huna cheni ya kupaka mafuta wala sproketi za kubadilisha. Lakini gia za shafti zilizo kwenye gurudumu la nyuma zikiharibika, gharama ni nzito mno. Kagua kama hapo panavuja mafuta au gurudumu linacheza. Ukikuta hivyo, shusha bei sana au ondoka. Valvu za injini ya R1200GS hukaguliwa kila kilomita 10,000. Africa Twin ya 2016 hungoja hadi 24,000, na cheni yake ikiwa imechakaa, omba punguzo dogo tu. Mwenye safari ndefu za lami na fundi anayeijua BMW, shafti inamfaa. Anayejitengenezea mwenyewe mbali na mji, achukue Honda hata ikizidi bei kidogo.